Kondoo Wawili na Bunduki Yangu Ndogo

Ujumbe ulinifikia Jumapili asubuhi, nikiwa kazini, nimemshika mzee mmoja mkono nikimtoa bafuni. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaiacha. Nilimkalisha mzee kwenye kiti chake cha dirishani, nikamfunika miguu, nikampa chai yake, ndipo nikasoma. Ulitoka kwa mtoto wa mama mwenye shamba ninakowinda sungura. Ulisema nimewaua kondoo wao wawili. Ulisema nisikanyage tena pale, na kwamba polisi wa leseni za bunduki watapewa jina langu. Chini yake kulikuwa na picha ya kondoo aliyelala ubavu kwenye nyasi zenye barafu. Hapakuwa na salamu wala swali. Hata kuuliza kama nilikuwapo hakuuliza.

Watu wengi hushangaa kwanza kwamba nina bunduki, kwa hiyo nieleze hilo.

Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee, Mkenya, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, nakaa ughaibuni, mtaa wa Minto, na binti yangu. Kule nilikokulia bunduki ilikuwa ya askari au ya jambazi, na ukiona mojawapo unavuka barabara. Sikuwahi kuota kwamba nitakuja kumiliki moja. Yote yalianza sokoni Campbelltown, soko la wakulima la Jumamosi, ambako mama mmoja wa Kizungu wa miaka sabini na kitu alikuwa anauza maboga. Nilimuuliza majani ya yale maboga huyapeleka wapi. Akasema huwatupia ng'ombe. Nikamwambia kwetu hayo ni mboga, tunayachuma yakiwa machanga, tunayatoa nyuzi na kuyapika kwa maziwa. Alicheka sana, lakini Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko mzima amenifungia, akataka nimweleze tena namna ya kutoa nyuzi.

Tukawa marafiki hivyo. Alikuwa mjane, akiishi peke yake shambani, mwendo wa saa moja na zaidi kusini ya Campbelltown. Nilimwita Mama, akalipenda hilo jina. Siku moja nilipomtembelea alinionyesha jinsi sungura wa mwituni walivyomharibia. Walikuwa wamekula mche hadi mzizi, wamechimba mashimo kila mahali, na ng'ombe wake mmoja alikuwa amevunjika mguu kwa kutumbukia. Huku sungura si mnyama wa kwenye katuni, ni balaa lililoletwa na meli, na mkulima ana haki kabisa ya kuwapunguza. Zamani mama huyo alikuwa akiwapiga mwenyewe, kwa bunduki ya kaliba ndogo ya marehemu mumewe. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu na vidole vinatetemeka, na bunduki ile alikwisha kuirudisha dukani. Akanitazama mikono. Akasema mtu anayechoma wazee sindano kila siku bila kuwaumiza atakuwa na mkono mzuri wa kulenga.

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Yeye ndiye aliyenihimiza niende kwenye mafunzo ya usalama, yeye ndiye aliyeniandikia barua ya ruhusa ya kuwinda kwenye ardhi yake, maana bila barua ya mwenye ardhi leseni ya namna hiyo huipati. Nilifanya mtihani. Nilisubiri wiki nyingi. Nilinunua kabati la chuma, fundi akalifunga kwa bolti kwenye sakafu ya zege, na kasha jingine dogo lenye kufuli lake la kuwekea risasi mbali na bunduki. Polisi alikuja kukagua, kijana mpole, akalisukuma kabati kwa bega, halikusogea, akauliza funguo nazificha wapi, akaandika. Binti yangu, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema hatimaye nyumbani kwetu kuna kitu ambacho hakuna jamaa anayeweza kuja kukiazima.

Bunduki yenyewe ni ya mkono wa pili, ya nambari .22, kitako cha mti, ya kukoki kwa mkono kila unapopiga. Risasi yake ni kipande cha madini ya risasi tupu, laini, kidogo kama punje ya mahindi. Inamtosha sungura tu, na wa karibu. Nilijifunza kulala kifudifudi juu ya gunia la chakula cha mifugo, kusubiri, kutoa pumzi nusu na kufyatua bila kuvuta kwa pupa. Kama sungura amekaa vibaya, simpigi. Kama yuko mbali kupita hatua sitini, simpigi. Kama nyuma yake hakuna udongo wa kuzuia risasi, simpigi hata akikaa ananitazama nusu saa. Nimeshawahi kurudi nyumbani mikono mitupu mara kadhaa kwa sababu hiyo, na sikujuta.

Nyama nilikuwa nampelekea rafiki yangu wa kazini. Ni Mkongo wa kutoka karibu na Bukavu, anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia pale pale nyumba ya wazee. Ananiita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa. Kwetu Kenya yaya ni mlezi wa watoto, lakini nimezoea. Mkono wake wa kuchuna ngozi sijaona mfano wake, na sungura wake wa nyanya na pilipili watu wa kanisani humfuata hadi mlangoni. Lakini bunduki hakutaka hata kuiona. Siku ya kwanza nilipomwambia, aliweka mashuka chini akasema nikitaka urafiki wetu uendelee, ile kitu isiingie kwenye gari siku yeye yumo. Haijaingia hata mara moja. Sikumuuliza sababu, na yeye hakunieleza.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi iliyotangulia ujumbe ule, mwezi wa saba, ambao huku ni katikati ya baridi.

Nilifika shambani kukiwa na barafu kwenye nyasi. Nilipiga risasi nne. Niliua sungura watatu, na risasi ya nne ilikosea ikaingia kwenye ukingo wa udongo, ambapo ndipo nilipokusudia iishie kama ningekosea. Kondoo walikuwa upande wa pili wa kilima, nyuma ya uzio, sikuwaona kabisa. Saa tano nilikunywa chai na Mama jikoni, nikamwachia sungura mmoja, nikaondoka. Pale getini nilikutana na pikapu ya mwanawe ikiingia, na magari mengine mawili nyuma yake. Yule mwana ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anaishi mjini, huja wikendi. Kwenye paa za magari kulikuwa na taa kubwa za kuwindia, na nyuma kulikuwa na mifuko mirefu ya bunduki na makreti ya bia. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yake. Nikaendesha zangu.

Hayo ndiyo yote niliyoyafanya siku ile. Halafu Jumapili nasoma kwamba mimi ni muuaji wa kondoo.

Nilimpigia Mama simu nikiwa nimesimama kwenye stoo ya nepi za wazee, mlango nimeufunga. Nilimweleza alivyoniandikia mwanawe. Akasema mwanawe amemwambia kwamba wao waliwinda upande wa mtoni, na kwamba upande ule wa kondoo ni mimi tu ninayepiga. Nikamuuliza, "Mama, na wewe unaamini?"

"Sijui niamini nini," akasema. "Mimi sikuona."

Nimetukanwa kazini na wazee waliopotewa na akili, nimeitwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, na nikawabadilisha nguo kwa upole. Hayo hayakuniuma. Haya yaliniuma. Miaka mitatu nimekula mezani kwake. Nimemkata kucha za miguu alipokuwa hawezi kuinama. Aliniruhusu kulala ardhini kwake na bunduki yenye risasi, na sasa hakuona. Nilikaa kwenye boksi la nepi, nikausoma ujumbe tena.

Nilishuka kwenye chumba cha kufulia. Rafiki yangu aliniona uso, akazima mashine ya kupigia pasi. Nilimwonyesha ujumbe, kisha nikamwonyesha picha, kwa kuwa mimi mwenyewe kwa hasira nilikuwa nimeitazama bila kuiona. Yeye aliivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa. Akaitazama muda mrefu, uso umetulia kabisa.

"Yaya," akasema, "hii haiko bunduki yako kadogo. Hii shimo ni ya kitu kikubwa. Naijua."

Sikumuuliza alijuaje. Nilitazama tena, na kweli. Kwenye kifua cha kondoo palikuwa na tundu ambalo ngumi yangu ingeingia. Risasi yangu huacha tundu ambalo ukilifunika kwa kidole gumba halionekani.

Nikasema nitamjibu kwa ujumbe. Rafiki yangu akasema ujumbe hausaidii, watawazika wale kondoo, na wakishazika nitabaki na maneno yangu dhidi ya maneno ya mwenye shamba. "Unajua nani ataaminiwa," akasema. Nikamwambia kesho sina shifti, nitaenda. Akasema kesho na yeye hana, na hataniacha niende peke yangu.

Tukaenda. Bunduki niliiacha kabatini, na kabla ya kutoka nilipiga picha kufuli likiwa limefungwa, maana hasira ilikuwa imenifundisha tahadhari. Njiani nilikuwa nayapanga maneno kwa Kiingereza, nikiyatoa makali na kuyarudisha. Kilichonichoma zaidi ni kwamba nililazimika kupanga maneno. Wale wanaume waliozunguka na bia na taa kubwa hawakulazimika kupanga chochote. Mtu mweusi mwenye bunduki ndogo alikuwa amepita asubuhi, hiyo ikatosha.

Tulimkuta mwana bado hajarudi mjini, yuko nyuma ya banda, amewasha trekta, shimo amekwisha kulichimba. Kondoo wote wawili walikuwa kwenye ndoo ya mbele ya trekta. Alituona akazima injini, akauliza kama sikusoma ujumbe wake. Nikamwambia nimeusoma, na kwamba nimekuja kumwomba nimpasue kondoo mmoja nitoe risasi. Akasema hao ni kondoo wake. Akasema niondoke kabla hajawaita polisi. Nikamwambia awaite, nitawasubiri, nami nitawaomba wao wapasue.

Hilo hakulitarajia. Alibaki ameshika usukani wa trekta.

Mama alikuwa ametoka, amesimama kwenye ngazi za nyuma na koti juu ya nguo za kulalia. Sikutaka kuzungumza na mwanawe tena. Nilimwendea yeye.

"Mama," nikasema, "ulisema hukuona. Basi njoo uone."

Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akamtazama rafiki yangu ambaye hakuwahi kukutana naye. Kisha akateremka ngazi, taratibu, ameshika ukuta, akamwambia mwanawe ashushe ile ndoo.

Baridi ya siku mbili ilikuwa imewahifadhi wale kondoo. Wa kwanza, yule wa kwenye picha, risasi ilikuwa imeingia na kutoka, haikuwa na faida kwetu. Wa pili alikuwa na tundu la kuingilia tu, kwenye bega. Rafiki yangu alivua koti, akakunja mikono, akatoa kisu chake cha jikoni alichokuwa amekizungushia taulo. Alichuna upande wa pili wa bega kama anavyochuna sungura, bila kuharakisha. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe mweusi. Niliupasua mimi, nikaingiza kidole, nikaitoa risasi. Lilikuwa donge la shaba na madini ya risasi, limefunguka mbele kama uyoga, lakini kitako chake kilikuwa bado mviringo, kizima.

Kwenye mfuko wa mlango wa gari langu huwa nina maganda ya risasi nilizopiga, kwa sababu siachi maganda kwenye shamba la mtu. Nilileta moja. Nikaliosha lile donge kwenye bomba la kunyweshea ng'ombe, nikamwekea Mama vyote viwili kiganjani. Nikamwambia risasi yangu hutoka kwenye mdomo wa ganda hilo. Ajaribu kuingiza kile kitako.

Alijaribu. Vidole vyake vilitetemeka, akajaribu tena. Hakikuingia. Kisingeingia hata kwa nyundo.

Mwana alikuwa amesogea, akaona. Nilimsubiri aseme. Nadhani nilikuwa nimesubiri kwa namna fulani tangu Jumapili. Akasema kulikuwa na giza, huenda mmoja wa jamaa zake alipotea upande. Akasema basi, imekuwa bahati mbaya, na hakuna haja ya kulikuza jambo. Aliyasema akiitazama trekta.

"Uliniandikia kwamba nimeua," nikamwambia. "Hukuandika bahati mbaya."

Akapanda trekta.

Mama alitukaribisha chai. Rafiki yangu aliniachia mimi niamue, nikasema hapana, asante, ila nataka kalamu na karatasi. Nilimwambia aandike kwa mkono wake kwamba kondoo wake wawili waliuawa kwa risasi ambayo bunduki yangu haiwezi kuipiga, na kwamba imetolewa mbele yake. Aliinua uso akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hakufikiri mambo yatafika huko. Nikamwambia yalifika huko mwanawe alipotaja polisi. Aliandika kwenye meza ya jikoni, herufi zinapanda na kushuka, akatia sahihi. Nilimwona machozi. Sikumbembeleza. Mpaka leo sijui kama nilikuwa mkatili, lakini najua kama ningembembeleza ningekuwa nimejifuta mwenyewe.

Mwana alikuwa kweli amepiga simu, tena siku ile ile ya Jumapili, na hakupiga nyingine ya kurekebisha. Polisi walikuja kwangu Jumatano, wawili, majirani wakiwa nje wanatoa mapipa ya taka. Walihesabu risasi, wakaitazama bunduki, wakanihoji sebuleni binti yangu akiwa amekaa kwenye mkono wa kiti changu, hataki kuondoka. Niliwapa barua. Niliwapa picha ya lile donge la shaba kando ya ganda langu. Mmoja wao, mwenye mvi, alicheka puani alipoiona, akasema hilo halihitaji mtaalamu. Walirudisha bunduki kabatini, jambo likaishia hapo. Kwa jamaa wa mwana hawakwenda, kwa ninavyojua mimi.

Wiki moja baadaye Mama alinipigia. Aliongea kwanza juu ya baridi. Kisha akasema mwanawe ndiye anayesimamia mambo ya shamba sasa, na ameamua kwamba kwa usalama watu wa nje wasiwinde tena pale. Nikamuuliza kama jamaa za mwanawe wenye taa nao ni watu wa nje. Akasema, "Wewe unajua alivyo." Nikamwambia ndiyo, sasa najua alivyo, na nimejua na mengine. Nikamwombea afya njema, kwa dhati, nikakata simu. Hatujazungumza tangu hapo.

Watu wa kanisani waliposikia, wengine walisema ni Mungu ameniambia niachane na bunduki, si kitu cha mwanamke. Mzee mmoja wa kanisa alinishauri niiuze nishukuru kwamba sikufungwa. Nilimuuliza nishukuru kwa kutofungwa kwa kosa gani. Akasema mimi nimekuwa mkali siku hizi. Nimechoka kuambiwa hivyo. Waliopiga kondoo gizani hakuna aliyewaambia wauze bunduki zao, hakuna aliyewaita wakali. Mimi niliyefanya kila kitu kama kilivyoandikwa, bolti kwa bolti, ndiye ninayetakiwa kutulia.

Sikuiuza. Kwa miezi minne nilipiga karatasi kwenye uwanja wa kulengea. Kisha mwenzangu mwingine wa kazini alinikutanisha na shemeji yake, mkulima wa mboga, Mvietnamu, ambaye sungura walikuwa wamemmalizia kabichi. Alinitembeza shambani kote na viatu vya mpira alivyoniazima. Alipokuwa tayari kuandika barua ya ruhusa, nilimwambia kwamba nina sharti langu. Mtu mwingine yeyote atakayewinda pale aandikwe kwenye daftari, siku, saa na aina ya bunduki, na daftari likae kwake.

Alinitazama akauliza kama kuna mtu aliyewahi kunisumbua.

Nilimweleza yote, tukiwa tumesimama kati ya mistari ya kabichi zilizotafunwa. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama yule mwana aliomba radhi. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la mwanawe lililobaki kurasa nyingi tupu, akachora mistari kwa rula juu ya boneti ya gari langu.

Jina la kwanza aliandika la kwake, kwa kuwa na yeye ana bunduki. La pili ni langu.